Nani Aliyewafinyanga? Anthropolojia na swali lililokosewa

Mwaka 1911, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda, mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha wazee wakawauliza nani aliyewaumba. Lugha ya Waacholi haikuwa na neno la kuumba linalosimama peke yake, kwa hiyo swali lilipogeuzwa likawa karibu na hili: nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Mtu huzaliwa na mama yake. Kinachofinyangwa ni chungu. Mapadri hawakuridhika, wakashikilia kwamba lazima jibu lipatikane. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba wako watu wanaozaliwa wazima, kisha ugonjwa ukawapinda mgongo, wakawa kama waliofinyangwa upya. Hospitali huuita kifua kikuu cha uti wa mgongo. Waacholi walisema ni kazi ya pepo mmoja mbaya, Rubanga. Basi mzee akajibu: anayefinyanga watu ni Rubanga. Mapadri wakaandika. Hivyo ndivyo Mungu wa kanisani alivyopewa jina la pepo wa kibiongo, na jina hilo halijabanduka.

Aliyekiandika kisa hiki ni Okot p'Bitek, mshairi, Mwacholi mwenyewe, aliyekwenda Oxford kusomea anthropolojia. Anasimulia pia kwamba katika mhadhara wake wa kwanza kabisa mwalimu aliendelea kuwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, yeye akapinga, na upinzani wake haukubadilisha kitu. Watu wengi hulikumbuka tusi la mhadharani. Mimi nakitazama zaidi kibiongo, kwa sababu katika kisa kile hakuna aliyedanganya. Mapadri waliandika kwa uaminifu walichoambiwa na wazee walijibu kwa uaminifu walichoulizwa. Ungelikagua daftari la siku ile usingelikuta kosa hata moja. Kosa liliingia mapema zaidi, ndani ya swali.

Siku hizi neno la "kuondoa ukoloni" katika elimu linasikika kila penye wasomi, na anthropolojia ndiyo inayonyooshewa kidole kwanza. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba wasemaji hawadai kitu kimoja. Kuna wanaotaka watafiti wawe Waafrika. Wengine wanataka tuache kuchunguza matambiko vijijini, tuchunguze benki na wizara. Wapo wanaotaka vitabu viandikwe kwa lugha zetu, na wapo wanaosema tatizo haliko kwa mtu, mada wala lugha ya jalada, bali kwenye dhana: maneno yanayotumika kufikiria. Madai haya yanafungwa kamba moja kama kuni, halafu watu wanashangaa kwa nini mzigo haubebeki. Makala hii inaegemea dai la mwisho, ingawa mengine yatapita njiani.

Elimu yenye jina baya

Anthropolojia ya jamii, kwa ufupi, ni kuishi na watu muda mrefu, kujifunza lugha yao, kula nao, na kuandika wanavyooana, wanavyorithishana, wanavyozika, wanavyogombana na kupatana. Hapo hakuna uovu. Bibi harusi aliyeolewa mbali hufanya hivyo hivyo ukweni mwaka wake wa kwanza, ila yeye haandiki.

Jina lilichafuka kwa sababu ya mgawanyo wa kazi. Wazungu waliojichunguza wenyewe waliita kazi hiyo sosholojia. Waliokuja kutuchunguza sisi wakaiita anthropolojia, kana kwamba tulihitaji elimu ya pekee, jirani na ile ya mifupa ya kale. Halafu kulikuwa na suala la nani analipa. Taasisi ya Rhodes-Livingstone ilianzishwa mwaka 1937 Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baadaye ikaja taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Zote zilikua chini ya serikali zilizotaka kujua nani ni chifu wa nani ili utawala na kodi viende sawa. Haki itendeke: watafiti wengine waliwaudhi watawala. Mkurugenzi wa kwanza wa Rhodes-Livingstone, Godfrey Wilson, aligongana nao alipotaka kuchunguza maisha ya wafanyakazi wa migodini, akaacha kazi. Lakini mwenye nyumba anapokuona umeingia pamoja na mtoza kodi, hakuulizi wewe binafsi una nia gani.

Uhuru ulipopatikana, elimu hii ikawa kama jamaa aliyeaibisha ukoo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifundisha sosholojia. Neno anthropolojia lilirudi kwenye jina la idara baadaye sana. Mwaka 1989 wanaanthropolojia wa Kiafrika walikutana Yaoundé, Kameruni, wakaunda chama chao cha bara zima. Kufikia wakati huo swali halikuwa tena kama Waafrika wanaweza kuifanya kazi hii. Swali lilikuwa wakiifanya kwa vyombo vile vile, kitatoka kitu gani tofauti.

Wewe ni wa nchi ya nani?

Chukua chombo kimoja tu: kabila.

Mwanaanthropolojia Archie Mafeje alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1936. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi ya uhadhiri, kisha kikamnyang'anya kwa shinikizo la serikali ya makaburu. Wanafunzi wakalikalia jengo la utawala kwa siku kadhaa kupinga. Ilipita miaka 40 ndipo chuo hicho kilipoomba radhi kwa familia yake, naye alikuwa amekwisha fariki mwaka uliotangulia. Katikati ya hayo alipita Dar es Salaam, akaongoza idara ya sosholojia. Mwaka 1971 alichapisha makala fupi kuhusu "ukabila" ambayo kwangu mimi ingefaa isomwe na kila mwandishi wa habari za uchaguzi.

Hoja yake ya kwanza ni ya lugha. Anasema wenyeji wa Afrika Kusini hawakuwa na neno la kabila kwa maana iliyotumiwa na Waingereza. Walikuwa na neno la taifa, la ukoo, la nasaba. Mgeni akifika, aliulizwa anatoka nchi ya nani, yaani yuko chini ya mtawala yupi. Jibu la swali hilo linaweza kubadilika: mtu akihama, akaomba ardhi kwa mtawala mwingine, basi ni wa huko. Kabila la kwenye ramani ya mkoloni halikuwa hivyo. Lilikuwa sanduku, na mtu alizaliwa ndani yake na kufia humo.

Tazama kwetu. "Sukuma" maana yake ni kaskazini. Msukuma ni mtu wa kaskazini kwa anayemtazama kutoka Unyamwezi, kama Mdakama alivyo mtu wa kusini. Lilikuwa jina la upande, la kuelekeza njia. Gavana Donald Cameron alipofika Tanganyika mwaka 1925, akaamua kutawala kupitia machifu, kila mtu ilibidi awe na kabila na kila kabila liwe na mkubwa wake. Upande wa dira ukawa taifa dogo lenye mipaka. Mwanahistoria John Iliffe aliliweka jambo hili vizuri: Waingereza waliamini kimakosa kwamba Watanganyika walikuwa na makabila, na Watanganyika wakayaunda makabila ili wapate pa kusimama katika mfumo ule. Zingatia nusu ya pili ya kauli hiyo. Watu wetu hawakuwa watoto waliobandikwa majina wakiwa usingizini. Walijibu swali lililoulizwa, kama mzee wa Acholi. Kenya nayo ina mifano yake. Jina Kalenjin, ambalo maana yake ni "nakwambia", na jina Mijikenda yalishika katika miaka ya 1940, yakaunganisha watu ambao babu zao hawakujiita hivyo.

Hoja ya pili ya Mafeje ni kali zaidi. Anasema mtu anayeishi kijijini chini ya chifu wake na anayejali mambo ya pale si mkabila, ni mtu wa kwao tu. Mkabila ni yule wa mjini, mwenye shahada na kiti, anayelitumia jina la kabila kulinda nafasi yake huku wale wa kijijini hawapati chochote. Mtafiti akiliandika neno kabila bila kulichunguza anamsaidia huyu wa pili kujificha nyuma ya yule wa kwanza.

Mafeje hakuishia kulalamika. Mwaka 1991 alitoa kazi kubwa kuhusu falme za Maziwa Makuu, Buganda, Bunyoro na nyinginezo, akijaribu kuzieleza kwa mahusiano ya ardhi, mifugo na utawala bila kuanzia kwenye sanduku la kabila. Si kitabu chepesi. Nilikianza mara mbili kabla ya kukimaliza.

Waandishi waliogeuzwa watoa habari

Hapa ndipo ninapoanza kukosana na wenzangu. Husemwa kwamba tunahitaji *kuanza* anthropolojia ya Kiafrika. Tuanze nini, na maktaba ipo?

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa upande wa Bagamoyo, msomi wa dini, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu kiitwacho *Desturi za Wasuaheli*. Kimeandikwa kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro: kuzaliwa na kulea, jando na unyago, ndoa, ngoma, pepo, biashara, utumwa, mazishi. Hakiwahurumii Waswahili wala hakiwapambi. Ni kazi ya mtu aliyekaa, akaona, akapanga. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandiko. Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na walipojaribu kurudi pamoja Afrika ya Mashariki mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilikataa wasiishi huko kama mume na mke. Akarudi Ujerumani, akafundisha Berlin na Hamburg, akafia Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ilipotoka mwaka 1981, ndipo jina lake lilipopanda jaladani. Miaka 78.

Yeye si pekee. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa kitabu cha Kiswahili kuhusu maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera. Mwaka 1954 Mathias Mnyampala, ambaye wengi tunamjua kwa mashairi na ngonjera, alitoa *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Katika kuandika habari za Wagogo, Mnyampala anafuatilia koo moja moja, na nyingi zinakutwa na chimbuko nje ya Ugogo: watu walikuja, wakaoana, wakagawiwa ardhi, wakawa Wagogo. Kwa maneno mengine, hoja ambayo Mafeje aliijenga kwa nadharia mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwa Kiswahili, ukoo kwa ukoo, miaka 17 kabla, na mtu ambaye hakuna aliyemwita mwanaanthropolojia. Alipaswa kusomwa kama mwenye hoja. Akasomwa kama ghala la habari.

Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, aliyefariki mwaka 2024, alitumia maisha yake kuieleza hali hii. Alisema elimu barani Afrika imeelekezwa nje kama uchumi ulivyoelekezwa nje: habari ghafi zinakusanywa hapa, nadharia inatengenezwa huko, kisha tunairudisha tukiwa wanunuzi. Mtu wa Mtwara haelezwi jambo hili mara mbili. Korosho yake inaondoka na ganda, inabanguliwa Vietnam au India. Hountondji aliongeza jambo linalouma: mtafiti Mwafrika naye anaweza kuwa mchuuzi wa korosho ghafi. Anachagua mada kwa kuangalia jarida la nje linataka nini, anaandika kwa ajili ya wasomaji ambao hawatamjua mtu hata mmoja katika kijiji chake, na kijiji hakipati hata nakala. Rangi ya ngozi yake haibadilishi kitu kwenye biashara hiyo.

Naomba niingize kidole kwenye jicho letu wenyewe pia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika riwaya kubwa ya maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni, na ndani yake mna elimu ya ukoo, uganga, kilimo na heshima ya mke na mume kuliko vitabu vingi vya wataalamu. Aliiandika kwa Kikerewe. Ilikaa bila mchapishaji kwa zaidi ya miaka 30, mpaka yeye mwenyewe akaigeuza kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980 kama *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Mwaka uliofuata akafariki. Tunaisifu kama ushindi wa Kiswahili, na ni kweli. Kwa Kikerewe ilikuwa nini? Kiswahili kwa mtu wa Ukerewe au wa Ukurya ni lugha ya ofisini, na lugha ya ofisini ina uwezo wa kuuliza "nani aliyewafinyanga" sawasawa na Kiitaliano.

Mfano wa haraka: huko Mara, Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke, kwa kawaida asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate uzao na mrithi. Kiswahili kinabanwa mara moja, maana sarufi yetu inataka mwanamume aoe na mwanamke aolewe. Mwandishi wa gazeti anaandika "wanawake wanaooana", msomaji wa Dar anafikiria mapenzi, na nyumba, yaani nasaba, ng'ombe na urithi, ambayo ndiyo maana yenyewe na imo katika jina lenyewe, inapotea. Mwanaanthropolojia Ifi Amadiume aliandika mwaka 1987 kuhusu jambo la jamaa hiyo huko Nnobi, Nigeria, akionyesha kwamba "mume" pale lilikuwa jina la cheo ambacho mwanamke naye aliweza kukishika.

Utani si mzaha

Basi dhana ya kienyeji ikipewa kazi inafanyaje? Nitachukua neno ambalo kila msomaji analo mdomoni.

Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown, mkubwa wa anthropolojia ya Kiingereza wa wakati wake, aliandika makala mashuhuri kuhusu kile alichokiita uhusiano wa mizaha: watu wawili ambao mila inamruhusu mmoja, na mara nyingine inamlazimu, kumkejeli mwingine, na huyo haruhusiwi kukasirika. Makala ni nzuri. Inaeleza kwamba desturi hii hukaa mahali ambapo watu wameunganishwa na kutenganishwa kwa wakati mmoja, kama mashemeji. Lakini jina alilolichagua limebeba mzaha tu, na baada ya hapo elimu nzima ikaendelea kuuliza: kwa nini wanataniana?

Anayeujua utani angeanzia msibani. Mtani wa marehemu anafika, watu wanalia, yeye anaanza kuiga marehemu alivyokuwa akitembea au kuomba mkopo. Anakalia kitanda. Anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Kisha mtu huyu huyu ndiye anayeshika jembe, ndiye anayetumwa kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Wahehe na Wangoni ni watani, na walipigana vita vikali katika karne ya 19. Damu iliyomwagika ndiyo iliyofunga mkataba. Mpagazi wa Kinyamwezi akishuka na msafara kwenda pwani, aliwategemea watani njiani: alichukua muhindi shambani na mwenye shamba akamtukana, wote wakijua kwamba hakuna kesi. Babu na mjukuu ni watani pia, na mjukuu humwambia babu maneno ambayo angemwambia baba yake angechapwa.

Ukiyaweka haya pamoja, mzaha unaonekana ni alama tu ya nje, kama pete kidoleni. Chenyewe ni haki na wajibu kati ya watu ambao wangeweza kuwa maadui au wageni: haki ya kuchukua, wajibu wa kuzika, na katazo la kushtakiana. Mtafiti anayeanza na neno utani anauliza maswali mengine kabisa. Mtani wako ana dai gani kwako? Utani hufa vipi? Mtu akihamia mjini, kwa mtaa usio na mtani wake, nani anashika jembe?

Dhana ikishakuwa hai nyumbani inaweza pia kusafiri. Magazeti yetu ya michezo huwaita Simba na Yanga watani wa jadi, na neno limekaa mahali pake, maana mshabiki wa Yanga humpelekea jirani yake wa Simba salamu za pole kwa furaha isiyo na kifani na kesho wanachangiana harusi. Sasa nenda na neno hilo hilo Glasgow, kwa Celtic na Rangers. Je, wale ni watani? Kuna mzaha mwingi, lakini nani anamzika nani? Hapo Mswahili anauliza swali kuhusu Uskoti ambalo Mskoti hana neno la kujiuliza.

Wako watakaosema hii ni ndoto, elimu haiwezi kuendeshwa kwa maneno ya kienyeji. Imekuwa ikiendeshwa hivyo muda wote. Mwiko, ambao dunia nzima ya wasomi inauita *taboo*, neno lililotoka visiwa vya Tonga katika Pasifiki, uliingia Kiingereza kupitia safari za James Cook mwaka 1777. "Totemu", yaani mnyama au mmea unaoshikwa kama alama ya ukoo, ni neno la Waojibwe wa Amerika Kaskazini. Mfaransa Marcel Mauss alipoieleza zawadi mwaka 1925 aliegemea neno *hau*, roho ya kitu kilichotolewa, la Wamaori wa New Zealand. Wataalamu waliyachukua maneno haya kwa sababu lugha zao hazikutosha. Kilichokosekana ni wenye maneno kukaa mezani wakati maana yake inaamuliwa.

Mila iliyogandishwa

Kuna hatari upande wa pili, na wapenzi wa mila hawaipendi kuisikia. "Mila zetu" zinazotajwa kwenye vitabu mara nyingi ni maneno ya wazee wachache wa kiume walioulizwa na ofisa siku moja.

Tanganyika ilikuwa na mtaalamu wa serikali, Hans Cory, aliyeandika sheria za mila za Wahaya na za Wasukuma katika miaka ya 1940 na 1950. Kabla ya kuandikwa, mila ya urithi ilikuwa mazungumzo: ukoo unakaa, unatazama mjane ni mtu wa namna gani, watoto wana umri gani, nani alimhudumia mgonjwa, kisha wanaamua. Ikishaandikwa inakuwa kifungu. Mwaka 1963, serikali huru ilitangaza rasmi sheria za mila kwa jamii zinazofuata upande wa baba, na humo mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa wapo ndugu wa ukoo. Anatazamiwa atunzwe na watoto wake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza ilikataa kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, kwa kuwa ilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2015 wajane wawili wa Kisukuma, walionyimwa urithi, walishinda shauri lao dhidi ya Tanzania mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. Hao walikuwa wakipambana na daftari la mtafiti lililovaa kanzu ya mila.

Mwenyeji naye si malaika. Jomo Kenyatta alisoma London kwa mwanaanthropolojia mashuhuri Bronisław Malinowski, akachapisha mwaka 1938 kitabu kuhusu Wakikuyu, *Facing Mount Kenya*. Ni ushujaa: Mwafrika anaandika watu wake kama mwenye kauli, akitetea ardhi iliyoporwa. Ni humo humo anamotetea ukeketaji kama nguzo isiyogusika. Alikuwa na uwanja wa kisiasa wa kulinda, na Wakikuyu waliokuwa na neno jingine hawakuandikiwa kitabu.

Kwa hiyo kuipa elimu hii mizizi ya kwetu hakumaanishi kumwuliza mzee badala ya kumwuliza padri. Maana yake ni kujua katika kila neno la mila nani alikuwa na ubishi, na ubishi huo uandikwe. Wasani wa Afrika Kusini walilishughulikia jambo hili kwa vitendo mwaka 2017 walipotoa kanuni zao za maadili ya utafiti, wakawa watu wa kwanza wa asili barani Afrika kufanya hivyo. Mtafiti anayetaka kuwachunguza hutakiwa kuheshimu, kusema kweli, kutenda haki, kujali, na kufuata utaratibu walioupanga wao, ikiwa ni pamoja na kurudisha matokeo. Sisi tuna vibali vya tume za sayansi za serikali, COSTECH Tanzania na NACOSTI Kenya, ambavyo ni ruhusa ya taifa. Kijiji kuulizwa kama swali lenyewe lina maana, hiyo bado ni hiari ya mtafiti.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mdadisi kwenye utafiti mmoja wa lishe, Kanda ya Ziwa. Tulikuwa na vishikwambi, na swali la kwanza la dodoso lilikuwa: mkuu wa kaya ni nani? Kwenye mafunzo tulifafanuliwa kwamba kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. (Mwenzetu aliyelelewa Kilifi alicheka, kwao kaya ni msitu mtakatifu wa Wamijikenda, na mkuu wa kaya ni mtu mzito kweli.) Nikafika kwa mama mmoja, nikamwamkia, nikamwuliza.

"Mwanangu, leo si zamu yangu," akajibu. "Baba yao yuko kwa mwenzangu mpaka Jumamosi."

"Sasa mama, hapa mkuu wa kaya niandike nani?"

"Hapo unaponiona nimekaa peke yangu, unamwona mwingine?"

Kishikwambi kilikuwa kimepangwa kwamba aliyeolewa na mwenye mume hai hawezi kuwa mkuu. Kikakataa kusonga mbele. Nikaandika jina la mume, nikaendelea, na mpaka leo kwenye takwimu fulani yule bwana anakula mara mbili kila usiku, katika nyumba mbili.

Tulilalamika, na safari ya pili swali lilibadilishwa. Nilirudi kwa mama yule yule, nikamwuliza: jana usiku, chungu kilipoepuliwa, walikula nani na nani? Akahesabu kwa vidole bila kusita. Watoto wake wanne, mtoto wa jirani aliyekuja kucheza akapitiwa na usingizi, mama mkwe, na mzee wa ng'ambo ya njia ambaye tangu afiwe na mkewe hupelekewa sahani kila jioni. Nilimtafuta yule mzee kwenye orodha ya kijiji. Alikuwamo: kaya ya mtu mmoja, mkuu wa kaya yeye mwenyewe, na kwenye safu ya chakula cha jioni tulikuwa tumeandika sifuri, maana tulimwuliza kama jana alipika.